Laptopu ya Nani Inajenga Wingu Letu?

Ijumaa moja jioni mwaka 2020, mwenzetu mmoja alipandisha Terraform kwenye laptopu yake kutoka toleo la 0.12 hadi 0.13. Kazi aliyokuwa nayo ilikuwa ndogo: kufungua poti moja zaidi kwenye mtandao wa mteja. Akachapa amri, ikakubali, akafunga laptopu akawahi daladala. Jumatatu asubuhi sisi watatu tuliobaki tukakwama. Kila aliyejaribu kufanya kazi alijibiwa kwamba faili la hali limeandikwa na toleo jipya kuliko lake, kwa hiyo apandishe kwanza.

Kwa asiyeijua Terraform: ni programu inayosoma maelezo ya miundombinu uliyoyaandika kama msimbo, kisha inakwenda kwa mtoa huduma za wingu na kuyageuza kuwa seva, mitandao na hifadhidata za kweli. Faili la hali ndiyo kumbukumbu yake. Humo imeandika imejenga nini na kiko wapi. Matoleo ya zamani yalikataa katakata kusoma kumbukumbu iliyoandikwa na toleo lililoyapita. Laptopu moja ilipanda, basi timu nzima ikabidi ipande nayo, bila maandalizi, huku simu ya mteja ikiita.

Sijaisahau Jumatatu ile. Ndiyo maana dada anayesimamia miundombinu yetu alipopendekeza kwamba vifaa vyote vya kazi hiyo viwekwe ndani ya kontena moja, nilitaka jambo lizungumzwe mpaka mwisho. Mkongwe wa timu, aliyekuwa akisimamia seva za Linux wakati wengi wetu tuko shuleni, alipinga. Tulikaa ofisini Mikocheni, kwenye meza ya chakula, pamoja na kijana aliyekuwa na siku tatu tu kazini. Yafuatayo ndiyo tuliyosema. Nimeondoa majina na marudio.

DADA: Kaka, naomba nianze na huyu mdogo wetu. Umeanza Jumatatu, leo Jumatano. Umeshagusa kazi gani ya mteja?

KIJANA: Bado, dada. Nasakinisha programu.

DADA: Siku tatu. Ana Terraform, ana programu ya kuchapia amri za AWS, wingu la Amazon, ana kubectl, ana Python na maktaba zake, na bado jaribio la kwanza linamgomea. Na sisi tunaomwelekeza, kila mmoja anamwambia lake. Ninachotaka ni folda moja ndani ya ghala letu la msimbo, yenye mafaili mawili. La kwanza ni Dockerfile, maelezo ya kujenga imeji: anza na Debian 12, weka Terraform toleo hili hasa, weka hiki, weka kile. La pili ni devcontainer.json, linaloiambia programu ya kuandikia msimbo ifungue folda ya kazi ndani ya kontena lililotokana na imeji hiyo. Mtu mpya anachukua msimbo, anafungua, anasubiri muda wa kunywa chai, anaanza kazi.

MKONGWE: Muda wa chai, mtandao ukiwa mzima. Hilo nitalirudia. Kwanza tutaje ugonjwa kabla ya dawa, dada yangu. Ile Jumatatu ya 2020 ilikuwa ugonjwa wa matoleo, na dawa yake ndogo ipo: tfenv. Unaweka faili moja linaloitwa .terraform-version, unaandika namba, kila laptopu inatumia toleo hilo hilo. Tena tangu Terraform 0.14, iliyotoka Desemba 2020, faili la hali limepunguza ukorofi ule, na kuna faili la kufuli linaloshikilia matoleo ya programu-jalizi. Kwa nini tubebe kontena zima kwa tatizo ambalo wenye programu wenyewe wameshalipunguza?

DADA: Kwa sababu kazi yetu si Terraform peke yake. Unaikumbuka skripti ya kuandaa mazingira ya mteja? Ilikuwa na sed -i. Kwenye Linux yako inapita. Kwenye Mac yangu sed ni ya ukoo wa BSD. Hiyo inataka kwanza uitajie kiambishi cha nakala ya akiba, hata kama ni kitupu. Skripti ikafia njiani. Tukarekebisha. Wiki iliyofuata ukaongeza declare -A, ambayo inahitaji bash 4. Mac bado inakuja na bash 3.2, ya mwaka 2006, kwa sababu bash 4 ilitoka chini ya leseni ya GPL toleo la 3 na Apple wakabaki na ile ya zamani. Ikafa tena. tfenv ingenisaidia nini hapo?

MIMI: Na lile la prosesa. Tulipoanza kununua Mac zenye prosesa za Apple wenyewe, zilizoingia sokoni mwishoni mwa 2020, mradi wetu mmoja uligoma kuanza. Ulikuwa unatumia programu-jalizi ya zamani iitwayo template, toleo la 2.2.0, na toleo hilo halikuwa na nakala ya mashine hizo. Aliyekuwa na Mac ya zamani alifanya kazi, aliyepewa mpya na ofisi akakaa.

MKONGWE: Hapo umenipa silaha mwenyewe. Ulitatuaje?

MIMI: Niliendesha kontena la linux/amd64 kwenye Mac mpya. Likaenda, ingawa polepole, maana kila agizo la prosesa linatafsiriwa.

MKONGWE: Basi ulificha ugonjwa. Programu-jalizi ile ilikuwa imeshaachwa na wenyewe. Badala yake kuna kazi ya templatefile, ipo ndani ya Terraform yenyewe tangu 0.12. Ilikuwa ni kubadili mistari kama kumi. Lakini kwa kuwa kontena lilikuruhusu kuendelea, mistari ile ilibaki mwaka mzima. Ndicho ninachokiogopa. Kontena linahifadhi kila kitu, na kuoza pia linakuhifadhia.

Alikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo pale pale. Mistari ile niliibadilisha mwenyewe baadaye, ikanichukua asubuhi moja. Naliandika hili hapa kwa sababu wanaosifia makontena huwa hawalisemi: uwezo wa kuigandisha hali ya kazi ni huo huo uwezo wa kuahirisha usafi.

KIJANA: Samahani, mzee. Mimi chuoni tuliambiwa kontena ni mashine pepe, ila nyepesi.

MKONGWE: Sivyo, mwanangu, na usipoijua tofauti utasumbuka. Mashine pepe ina keneli yake. Kontena ni mchakato wa kawaida wa Linux uliozungushiwa kuta, na keneli ni ile ile ya mashine inayolibeba. Kuta zenyewe ni za aina mbili. Moja inaufumba macho mchakato: unaona mafaili yake tu, namba za michakato yake tu, mtandao wake tu. Nyingine inaupimia chakula: prosesa kiasi hiki, kumbukumbu kiasi hiki. Wazo la kuupa mchakato mzizi wake wa mafaili ni la kale, chroot ya Unix, mwaka 1979. Upimaji wa chakula, unaoitwa cgroups, ulianzishwa na wahandisi wa Google mwaka 2006, ukaingia kwenye keneli ya Linux mwanzoni mwa 2008. Docker ilipoonyeshwa watu Machi 2013 haikuleta kuta mpya. Ilileta njia rahisi ya kufungasha na kusafirisha.

KIJANA: Sasa kwenye Mac ya dada, keneli ya Linux inatoka wapi?

MKONGWE: Swali zuri. Haipo. Kwa hiyo Docker inawasha mashine pepe moja ya Linux chini chini, na makontena yote yanakaa humo. Windows vivyo hivyo. Dada, wasimulie ya saa.

DADA: Nakubali, hilo lilinitesa. Nilifunika laptopu nikaenda kula. Niliporudi, AWS ikakataa kila amri ikidai sahihi yangu imekwisha muda. Kila ombi linalokwenda AWS hutiwa sahihi yenye saa ndani yake, na saa hiyo ikipishana na ya kwao kwa dakika kadhaa, ombi linatupwa. Saa ya Mac ilikuwa sawa. Saa ya mashine pepe iliyo chini ya kontena ndiyo iliyosinzia pamoja na laptopu na haikuamka nayo. Nilipoteza alasiri nzima nikitafuta kosa kwenye funguo.

MKONGWE: Kwenye laptopu isiyo na kontena hilo lisingekutokea.

DADA: Lisingetokea, kaka. Lakini sasa tunalijua, na dawa yake tumeiandika mara moja, kwenye faili ambalo kila mmoja analitumia. Mangapi unayoyajua wewe yamekaa kwenye laptopu yako tu?

Hapo palipita kimya kidogo. Mkongwe hakuchukia, ila aliliona swali lilikoelekea.

Nikaingia na hoja yangu, ambayo naishikilia hadi leo. Sisi wa Dar es Salaam tunayaona makontena ya bandarini kila siku yakipanda malori kuelekea Zambia na Kongo. Malcom McLean alipopakia makontena 58 kwenye meli ya Ideal-X, Aprili 1956, kutoka Newark kwenda Houston, sanduku la chuma halikuwa jambo geni duniani. Jipya lilikuwa kwamba sanduku lilelile linatoka kwenye lori, linapanda meli, linashuka kwenye lori jingine, na hakuna anayelifungua njiani. Kontena la laptopuni peke yake halinivutii sana. Ninalolitaka ni kontena ambalo likitoka kwenye laptopu ya kijana huyu, ndilo hilo hilo linaloendesha kazi kwenye paipulaini yetu, seva inayopokea msimbo, kuukagua na kuupeleka kwa mteja. Kama laptopuni ni sanduku hili na kwenye paipulaini ni jingine, tumejiongezea kazi bure.

MKONGWE: Nimekuelewa. Sasa turudi kwenye chai ya dada. Mei 12, 2024, Jumapili, nyaya mbili za baharini zilikatika, EASSy na SEACOM, na siku kadhaa mtandao wa nchi ukawa wa kuchechemea. Mimi wiki ile nilifanya kazi. Mnajua kwa nini? Amri za AWS ni maneno machache. Zinapenya hata mtandao ukisuasua. Terraform na jalizi zake zilikuwa kwenye diski yangu. Kama ningekuwa nasubiri kushusha imeji ya megabaiti mia kadhaa kutoka ng'ambo, ningekaa tu. Na msisahau huyu kijana jioni anafanyia kazi nyumbani kwa bando lake mwenyewe.

KIJANA: Kweli, mzee. Bando la wiki liliisha Jumatatu usiku.

DADA: Pole, hilo ofisi itakurudishia. Kaka, hoja ya mtandao naichukulia kwa uzito mkubwa kuliko zote, na nimeifanyia kazi. Imeji ni matabaka, moja juu ya jingine, na kila mstari wa Dockerfile unaosakinisha kitu ni tabaka. Ukibadili mstari wa mwisho, kinachoshushwa upya ni tabaka la mwisho tu. Ukibadili wa kwanza, vyote vilivyo juu yake vinajengwa upya. Kwa hiyo vizito visivyobadilika, Debian na Python, vinakaa chini. Terraform, tunayoipandisha mara kwa mara, inakaa juu. Mpangilio wa mistari ndio bando la mtu.

MKONGWE: Na siku ya kwanza?

DADA: Siku ya kwanza flashi. docker save inaifanya imeji kuwa faili moja, unalinakili, mwenzako anachapa docker load. Haijapita hata baiti moja ya intaneti. Na hapa ofisini, ile kompyuta ndogo iliyo chini ya printa inaweza kuwa ghala letu la imeji. Tunaihitaji hata kabla ya nyaya kukatika: tangu Novemba 2020 Docker Hub inawahesabia wasiojitambulisha, mara 100 kwa saa 6 kwa kila anwani ya mtandao. Ofisi nzima tunatoka nje kwa anwani moja. Paipulaini ikizunguka mara kadhaa mchana, kikomo kinaisha na sote tunafungiwa.

MIMI: Na jalizi za Terraform? Ile ya AWS peke yake ni megabaiti mia kadhaa, na kila folda ya mradi inajishushia nakala yake.

DADA: Hizo zinakaa kwenye kache moja nje ya kontena, inayochomekwa ndani. Kontena likifa, kache inabaki. Ila hapo lazima tuwe macho: ukitumia kache hiyo, faili la kufuli linaweza kuandikwa alama za mfumo wako peke yake, na paipulaini ikakataa. Kuna amri ya terraform providers lock ya kuongeza alama za mifumo mingine. Nimeiweka kwenye skripti ya kuanzia.

MKONGWE: Kwa nini Debian? Linux ya Alpine ni megabaiti chache tu. Kama unajali bando la mtoto, anzia huko.

DADA: Nilianzia huko, kaka. Alpine inatumia maktaba ya C iitwayo musl badala ya glibc, na programu ya AWS toleo la 2, ile wanayoitoa wenyewe, imejengwa kwa glibc. Nilihangaika nayo siku mbili. Nilichookoa kwenye bando nilikilipa kwa muda.

MKONGWE: Hilo liandikwe mahali.

Nilimwona anaandika kwenye karatasi yake. Nikajua ameanza kulegea, ila si kwa hoja tulizodhani. Alichobakiza kilikuwa kizito kuliko vyote.

MKONGWE: Funguo. Kuna mahali nilifanya kazi zamani, mtu alinakili faili la funguo za wingu ndani ya imeji ili ajengee kitu, kisha mstari wa chini yake akalifuta. Akaona ametenda haki. Imeji ikapandishwa kwenye ghala la wazi. Nisogezeeni laptopu.

Tulimsogezea. Kwa vidole viwili viwili, jinsi anavyochapa siku zote, akaandika Dockerfile ya mistari mitatu: ya kwanza Debian, ya pili ikinakili faili siri.txt, ya tatu ikilifuta. Ndani ya siri.txt aliandika neno "embe". Akajenga. Akaingia kwenye kontena, akaorodhesha mafaili: siri.txt haipo. Kijana akatikisa kichwa kuridhika. Mkongwe akatoka, akachapa docker save, akaifungua kama unavyofungua faili lolote lililofungashwa, akaingia kwenye matabaka, moja baada ya jingine. Kwenye tabaka la pili, siri.txt ilikuwa pale pale. Akaifungua. Embe.

MKONGWE: Tabaka la juu halifuti la chini. Linaweka alama tu kwamba hiki kisionekane. Anayeibeba imeji anabeba vyote. Sasa niambieni, timu ya watu sita, mmoja ana siku tatu kazini, imeji moja inayozunguka kwa flashi. Nani anahakikisha hakuna embe ndani?

KIJANA: Mimi ningelifuta hivyo hivyo, mzee. Ningeamini limeondoka.

DADA: Sawa. Kanuni: hakuna ufunguo unaoingia wakati wa kujenga. Funguo zinabaki kwenye laptopu ya mtu, folda ya .aws inachomekwa kontena linapowashwa.

KIJANA: Dada, asubuhi nilijaribu hivyo. Ulisema niichomeke kwa kusoma tu. Nilipoingia kwa aws sso login ikanikatalia.

DADA: Kwa sababu kuingia huko kunaandika tokeni ndani ya folda hiyo hiyo. Kumbe. Basi unaingia nje, kwenye laptopu, kisha ndani ya kontena unasoma tu. Tokeni zenyewe zinakufa baada ya saa chache, na hilo ni jema.

MKONGWE: Na soketi ya Docker, mlango wa kuiamrisha? Nimeona kwenye faili lako umeichomeka ndani.

DADA: Ilikuwa ili niweze kujenga imeji nyingine nikiwa ndani.

MKONGWE: Mwenye soketi hiyo ndiye ruti wa mashine nzima. Anaweza kuwasha kontena jingine, alichomeke diski yako yote, asome anachotaka. Umejenga ukuta ukaacha ufunguo wa geti juu ya ukuta. Itoke.

DADA: Inatoka leo.

Ni hapa mjadala ulipogeuka, na ulipogeuka uliniacha na swali ambalo sikuja nalo. Kazi yoyote ya Terraform ina hatua mbili. Plan inakuonyesha kitakachobadilika: hiki kitaongezwa, hiki kitarekebishwa, hiki kitabomolewa. Apply inatenda. Tulikuwa tumezungumza saa nzima kuhusu sanduku la vifaa bila kuuliza ni nani anayetenda, na akiwa wapi.

MKONGWE: Yule wa Ijumaa ya 2020, tatizo lake kwangu halikuwa toleo. Alifanya apply kutoka laptopuni, jioni, peke yake, akaondoka. Angekuwa ndani ya kontena zuri kuliko yote angefanya vile vile. Kontena halijui kama mkono unaochapa umeisoma plan.

MIMI: Basi apply isiwepo laptopuni kabisa. Laptopu zipewe funguo za kusoma, zitoshe kwa plan. Funguo za kutenda ziwe kwenye paipulaini tu, na paipulaini isitende mpaka mtu wa pili ameisoma plan na kuikubali. Na plan na apply ziendeshwe na imeji ile ile, itajwe kwa alama yake ya sha256, si kwa lebo. Lebo kama latest ni jina tu, leo linaelekea huku, kesho kule. Alama ya sha256 inatokana na kilichomo. Kikibadilika chochote nayo inabadilika.

DADA: Sikubali yote. Paipulaini yenyewe inategemea huduma ya nje. Saa nane usiku mteja amezimika, paipulaini nayo imekufa, mimi nina funguo za kusoma. Nisome nini? Nimsomee mteja plan?

MIMI: Iwepo akaunti ya dharura, ikitumika tu simu zetu zote zinaita.

DADA: Akaunti ya dharura inayotumika mara tatu kwa wiki si ya dharura tena. Nimeona hayo.

MKONGWE: Mimi niko na mwandishi, ila dada anasema kweli pia. Tuiache akaunti hiyo kwa miezi mitatu, tuhesabu imetumika mara ngapi, tukae tena.

Hatukukubaliana zaidi ya hapo, na bado naamini ninachoamini: kontena bila kuhamisha apply ni nusu ya kazi. Laptopu ikiwa na mamlaka ya kubomoa hifadhidata ya mteja, unadhifu wa vifaa vilivyomo hauniliwazi.

La leseni tulilipitia haraka. Agosti 2023 HashiCorp waliitoa Terraform kwenye leseni huria na kuiweka chini ya BSL. Wiki chache baadaye OpenTofu, tawi huria lililotokana na Terraform, ikapata makao Linux Foundation. Sisi hatujahama. Dada alisema tu kwamba siku tukitaka kujaribu, ni kubadili mistari michache ya Dockerfile na kuiacha paipulaini iendeshe plan za miradi yote, badala ya kuzunguka laptopu sita. Mkongwe akakumbusha kwamba Docker Desktop nayo, tangu 2021, inataka malipo kwa kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 250 au mapato ya zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Sisi hatufiki, ila baadhi ya wateja wanafika, na kwao tutatumia Podman, inayoendesha makontena yale yale. Hapo hapakuwa na ubishi.

KIJANA: Naomba niulize. Mimi nikiletewa kontena kila kitu kimo ndani, nitajifunza lini?

Hakuna aliyejibu mara moja. Nadhani swali hilo ndilo lililokuwa nyuma ya upinzani wa Mkongwe tangu mwanzo, ila hakuwa amepata maneno yake. Yeye alijifunza kwa kuvunja mashine na kuiunga upya. Kijana huyu angeletewa chakula kilichokwisha pakuliwa.

MKONGWE: Sharti langu ni hilo. Nakubali kontena. Lakini hakuna mstari unaoingia kwenye Dockerfile bila maelezo juu yake, kwa Kiswahili, kwa nini upo. Si unafanya nini, hilo linajisomea. Kwa nini. Mstari usio na sababu, naufuta. Na huyu kijana ndiye atakayeijenga imeji upya kila mwezi, mimi nikiwa nimekaa pembeni.

DADA: Nakubali. Na mistari ya zamani?

MKONGWE: Tunaanza nayo sasa.

Akavuta laptopu. Dockerfile ya dada ilikuwa na mistari 31 na haikuwa na neno hata moja la maelezo. Juu ya mstari wa kwanza akachapa, polepole: "# Debian, si Alpine: programu ya AWS toleo la 2 inahitaji glibc. Tulipoteza siku mbili kulijua hili." Akashuka. Juu ya mstari wa Terraform: "# Toleo linatajwa kamili. Uliza habari za Ijumaa ya 2020." Akafika kwenye mstari unaotengeneza mtumiaji mwenye namba 1000, akasimama.

KIJANA: Hiyo 1000 ni ya nini, mzee?

MKONGWE: Asubuhi ulipofanya kazi ndani ya kontena lisilo na mstari huu, ukatoka, ukataka kuhariri faili ulilolitengeneza, ikawaje?

KIJANA: Ikanikatalia. Nilipoorodhesha nikaona mwenye faili ni ruti.

MKONGWE: Na kwenye Ubuntu yako, wewe ni mtumiaji namba ngapi?

Kijana akafungua laptopu yake, akachapa herufi mbili, id, akasoma jibu, akanyanyua uso. Mkongwe akamsukumia kibodi.